Muulize Shangazi: Kroksi na jua la saa saba

Toleo lililopita nilimjibu msomaji mmoja aliyezichemsha kroksi zake kwenye sufuria ili vijidudu vife, akaja kuopoa viatu vya mwanasesere. Nikadhani nimemaliza. Kumbe nimechokoza nyuki! Barua zilizoingia tangu siku hiyo zinajaza kapu, na zote ni za viatu vya povu. Basi leo raba, makubazi na viatu vya ngozi vitanisamehe, zamu yao itafika.

Kwa wasionijua: nilifua viatu vya mtumba soko la Karume, pale Ilala, Dar es Salaam, miaka kumi na moja. Sikuuza, nilifua. Wauzaji walikuwa wananiletea asubuhi kwa viroba, nakaa na mabeseni yangu matatu, miswaki mizee na mche wa sabuni, jioni wanachukua vinang'aa. Kroksi zilipoanza kutoka kwenye marobota tulizicheka, tukaziita miguu ya bata. Mwaka haukuisha tukawa tunazigombania. Na nikisema kroksi nina maana zote, za Crocs wenyewe na hizi za kuigiza zinazopangwa juu ya turubai kila stendi. Zinafuliwa namna moja, na adui yao ni mmoja. Mtamwona anavyojirudia.

*Shangazi, pole na majukumu. Mimi ni muuguzi na kroksi zangu ni nyeupe kwa ajili ya kazi. Miezi minane tu zimekuwa rangi ya meno ya mvuta sigara. Nimeziloweka kwenye Jiki usiku kucha, mara mbili, naona zinazidi. Nifanyeje? — Muuguzi wa zamu ya usiku, Tabora*

Asante dada, pole nawe na zamu. Kwanza zitoe kwenye hiyo Jiki.

Umanjano wa kiatu cheupe una asili mbili. Kuna uchafu, yaani jasho, mafuta ya ngozi, vumbi la Tabora lililoingia kwenye mikwaruzo midogo likatulia. Huo unatoka. Na kuna povu lenyewe kuzeeka kwa jua na hewa, kama gazeti lililosahaulika dirishani. Huo Jiki haiutoi, kwa sababu hakuna doa hapo, ni kiatu chenyewe kimegeuka. Utajuaje una upi? Sogeza mkanda wa nyuma uchungulie pale pembeni chini ya kifungo, mahali mwanga haufiki. Pakiwa peupe pe, na sehemu iliyo wazi ni ya manjano hata baada ya kuisugua, basi jua limeshakula.

Anza na kufua sawasawa, maana wengi wanaosema "nimefua haitoki" hawajafua. Geuza mkanda uje mbele, toa vipambo vyote. Suuza kwanza kwa maji matupu mpaka mchanga uishe. Ukianza kusugua kiatu chenye mchanga unakipiga msasa, na kila mkwaruzo unaouweka leo ni nyumba ya uchafu wa kesho. Maji yawe ya bomba au uvuguvugu wa kumwogeshea mtoto, yasizidi hapo. Sabuni ni ya mche au ya maji ya kuoshea vyombo. Ya unga siipendi kwa kazi hii, chembe zake zisipoyeyuka zinajificha kwenye vile vipele vya ndani, ukivaa zinakuwasha unyayo. Mswaki laini, uliochoka. Stilwaya acha kwenye masufuria.

Ndani sugua kwa kuzungusha, kipele kwa kipele, zaidi pale vidole vinapokanyaga na pale kisigino kinapotua. Halafu kuna kamfereji kanakozunguka kiatu, pale sehemu ya juu inapokutana na soli. Watu wanakaruka, na ndiko uchafu ulikolala. Mimi nilikuwa nakapitia kwa kijiti cha meno kilichofungwa kitambaa chenye sabuni. Povu la kwanza litatoka la kijivu kama maji ya kudekia. La pili kijivu chepesi. Likitoka jeupe, umefika. Michirizi myeusi ya kugonga toroli la dawa inatoka kwa dawa ya meno nyeupe, ile ya kawaida, isiwe ya jeli. Weka kwenye kitambaa kibichi, dakika mbili za kusugua taratibu, suuza.

Baada ya hapo ukiona bado ni manjano, nenda duka la dawa kanunue haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3. Vaa glavu, za kwenu hazikosekani. Paka kiatu chote kwa pamba, kivishe mfuko wa nailoni unaoonyesha, kiweke kwenye jua la saa moja hadi saa tatu asubuhi, kisha kitoe usuuze. Rudia siku mbili tatu. Umanjano utapungua. Hautaisha, nisikudanganye. Na nimesema jua la asubuhi kwa makusudi: peroksaidi inahitaji mwanga, lakini kiatu hakitaki joto. Ukikisahau mpaka saa saba utapata kiatu cheupe cha mtoto wako.

Jiki ina kazi yake, na hapo wewe unajua kunizidi. Kiatu kikimwagikiwa damu wodini, unatumia mchanganyiko wenu wa klorini ya asilimia 0.5, yaani kwa Jiki ya asilimia 3.5 ni sehemu 1 kwa maji sehemu 6, dakika 10, kisha unasuuza kwa maji mengi. Hiyo ni kuua vijidudu. Kulaza kiatu humo usiku kucha ni kukikausha ngozi tu, na hicho cheupe hakipati weupe mpya.

Moja la mwisho kwako na kwa kila mtu anayesoma: msichanganye Jiki na siki, wala ndimu, wala sabuni ya choo yenye asidi. Inatoka gesi ya klorini. Mdogo wangu alifanya hivyo bafuni mlango umefungwa, akidhani mbili ni bora kuliko moja. Tulimtoa anakohoa macho yamemvimba, na wiki nzima alikuwa akipanda ngazi anatweta.

*Assalamu alaikum Bibie. Nilisahau kroksi zangu ndani ya gari, mchana wa Juni, kwa muda wa saa nne nzima. Zilikuwa namba 43, sasa hazimuingii hata mwanangu wa miaka kumi na mbili. Kuna dawa? — Mswahili wa Maskati*

Waalaikumu salaam kaka. Ndani ya gari lililofungwa, Juni, Maskati! Humo joto linapita nyuzi 60 kirahisi, na povu hili huanza kulegea kabla hata maji hayajafikia kuchemka.

Ngoja nikueleze kilichotokea, ukikielewa hutarudia. Viatu hivi havishonwi, vinaumuliwa. Kiwandani punje za plastiki iitwayo EVA, au ndugu yake ambayo Crocs wanaiita Croslite, zinayeyushwa pamoja na dawa ya kuumua, zinasukumwa ndani ya kalibu ya moto. Kalibu ikifunguliwa kiatu kinaruka nje na kuvimba palepale, kinakuwa kikubwa kuliko kalibu yenyewe. Ni andazi, kaka. Kikipoa kinatulia kwenye namba yake, ndani kimejaa vipovu vidogo vidogo vilivyofungwa kila kimoja peke yake, ndiyo maana ni chepesi na hakinywi maji. Sasa ukikirudisha kwenye joto, kuta za vipovu zinalainika, zinanywea. Andazi limesinyaa.

Dawa ipo nusu. Chemsha maji, epua, hesabu mpaka yaache kutokota. Zamisha kiatu kimoja kwa koleo, nusu dakika hadi dakika moja, kitoe kikiwa kimelegea. Uwe umeshavaa soksi mbili nene zilizoloweshwa maji ya baridi. Kikung'ute maji, kiguse kwa mkono kwanza kisije kikakuunguza, uvae, usimame, utembee ndani ya nyumba mpaka kipoe kabisa mguuni. Kisha kingine. Mimi nimewahi kurudisha namba moja kwa njia hii, mara chache moja na nusu. Kutoka kiatu cha mtoto kurudi 43, sidhani. Mpe mwanao kama vimemkaa, na wewe mwenye gari pale kwenu uweke kroksi chini ya kiti kama huna budi, kamwe si pale mbele kwenye kioo.

*Shikamoo Shangazi. Niko mwaka wa pili. Kroksi zangu zinanuka kiasi kwamba wenzangu wamepiga kura zilale koridoni. Wawili waliunga mkono, mmoja (mimi) alipinga. Nimezifua. Zinarudi palepale. — Mwanafunzi, Dodoma*

Marahaba mwanangu. Demokrasia imefanya kazi yake, zilaze koridoni kwanza.

Nimesema povu halinywi maji. Maana yake jasho nalo halinywi. Kiatu cha ngozi au raba hufyonza kidogo, kroksi inakuachia mwenyewe, jasho linakaa kati ya unyayo na vile vipele likichanganyika na ngozi iliyokufa. Vijidudu wanakula hiyo, na harufu unayoisikia ni mabaki ya karamu yao. Ukifua juujuu kwa kumwagia maji bafuni unawapa supu.

Basi sugua ndani kama nilivyomwambia muuguzi hapo juu. Kisha chukua bikaboneti ya soda, ile ya kuumulia keki, vijiko viwili na maji kidogo iwe kama uji mzito, paka ndani yote, iache usiku kucha, asubuhi suuza. Kausha kivulini, kisigino juu, umeegemeza ukutani. Kama ni zile zenye manyoya ndani, hayo manyoya ndiyo yanayonuka. Mengine yanachomoka, yafue peke yake. Yasiyochomoka yana shida, siku mbili hayajakauka, na ukivaa yana unyevu unaanza upya.

Lakini mwanangu, nusu ya harufu haiko kwenye kiatu. Osha miguu jioni kwa sabuni, kausha katikati ya vidole kwa taulo, siyo kwa kutembea. Kukiwa na ngozi nyeupe inayobanduka na muwasho hapo katikati, hiyo ni fangasi, nenda duka la dawa upewe krimu na umalize siku zote watakazokuambia, hata muwasho ukiisha siku ya tatu. Usipofanya hivyo, kiatu kitakuambukiza tena, na wewe utakiambukiza.

*Jamani Shangazi, mie nauza samaki Feri. Kroksi zangu zinateleza siku hizi, juzi nusura niende na beseni zima la changu. Halafu harufu ya samaki haitoki. — Mama Changu*

Pole mwaya. Nianze na harufu maana ni rahisi: ndimu. Kinachonuka kwenye samaki kinashindwa na uchachu, ndiyo maana unamkamulia ndimu kabla hujamkaanga. Fua kwa sabuni, suuza, kisha pitisha maji yaliyokamuliwa ndimu mbili tatu au siki ya kijiko cha chakula kwenye kikombe, acha robo saa, suuza tena. Siku hiyo Jiki isiguse kiatu, umeshasoma ya mdogo wangu.

Kuteleza. Geuza kiatu utazame soli. Kama mistari imejaa mafuta ya samaki na magamba, isugue kwa sabuni ya vyombo na mswaki mgumu, kitarudi kushika. Kama mistari imeisha na soli ni laini kama kiganja, hakuna mazungumzo, kiatu hicho kimekufa kwa kazi yako. Nimeona mafundi wanachora mistari mipya kwa kisu cha moto. Povu ni laini, mistari ile inalala baada ya wiki mbili, na umeshalipa. Kwenye sakafu ya vigae yenye maji na utelezi wa samaki kavae gambuti. Hizo kroksi ni za kurudia nyumbani kwenye daladala.

*Hebu nambie Shangazi, doa la manjano ya kupikia latokaje? Mimi ni mpishi, biriani kila Ijumaa, na kroksi zangu za kijivu zimekuwa na madoa kama chui. — Mpishi wa Mombasa*

Doa la manjano halipendi jua, na hapa utanisikia nikilisifu tena. Toa mafuta kwanza kwa sabuni ya vyombo, maana manjano husafiri ndani ya mafuta. Kisha kiatu kikiwa kibichi kianike kwenye jua la asubuhi, saa mbili zinatosha, ukitoe. Kesho tena. Doa linafifia lenyewe kama lilivyofifia kwenye kanga uliyofutia mikono.

Sasa wewe hukuuliza hili, lakini nalisema. Kroksi zako zina matundu juu? Viatu hivi vilianza Colorado, Marekani, mwaka 2002, vikiwa viatu vya mashua. Matundu yaliwekwa ili maji yatoke na hewa iingie. Watu wa mashua wanamwagikiwa maji. Wewe unamwagikiwa mafuta yanayochemka, na yakipita kwenye tundu yanafika mguuni yamekwama, huwezi kuyapangusa mpaka uvue. Wapo wanaotengeneza za wapishi na wauguzi zisizo na tundu hata moja juu, na soli yake inashika sakafu ya maji. Nunua hizo za jikoni, za matundu vaa ukienda Mama Ngina kupunga upepo.

*Shangazi, niko Minneapolis. Naweza kuziweka kwenye mashine ya kufulia? — Mama wa Baridi*

Mashine ya kufulia, maji ya baridi, ndani ya mfuko wa wavu au foronya iliyofungwa, sawa. Mashine ya kukaushia, hapana. Ya vyombo, hapana. Na wakati wa baridi usizikaushe juu ya hita, utaandika barua kama ya kaka wa Maskati.

*Habari Shangazi. Kifungo cha mkanda kimeng'oka kwenye kroksi za mtoto wangu wa miaka minne. Nimegandisha kwa gundi ya supa, siku moja kimeachia na kipande cha kiatu kimetoka nacho. — Baba Watatu, Mwanza*

Gundi ya supa inakauka ngumu kama kucha, na povu linapinda kila hatua. Kigumu na laini havikai pamoja, kimoja kitamng'oa mwenzake, ndicho kilichotokea. Kama kuna ufa wa kugandisha, tumia ile gundi ya fundi viatu, ya rangi ya asali. Kwangua pande zote mbili kwa msasa, futa vumbi kwa spiriti, paka nyembamba pande zote, ungoje dakika kumi au zaidi mpaka ukigusa haikushiki kidole, ndipo ubane kwa nguvu. Wanaoshindwa wengi wanabana mapema, gundi ingali mbichi.

Ila kifungo hakitaki gundi. Kifungo kile ni vipande viwili vinavyong'ang'aniana, dume na jike. Ukivipata vyote, lainisha tundu kwa maji ya vuguvugu na sabuni, visukume vikutane mpaka vilie "ta". Kikipotea kimoja, fundi atakuwekea skrubu fupi na nati, na washa pana (kile kipete bapa cha chuma) kila upande ili isipite kwenye povu. Nati ikae ndani? Hapana! Wala kichwa cha skrubu kilichochomoza. Mwambie aweke skrubu ya kichwa bapa, ndani, kisha abandike kipande cha mpira laini juu yake. Ingiza kidole chako mwenyewe upapase pote kabla mtoto hajavaa.

Na kwa vile ni mtoto: mkipanda ngazi za umeme dukani, mshike mkono asimame katikati, mbali na kingo. Viatu hivi laini vimeshanaswa kwenye ngazi hizo katika nchi nyingi, na vidole vikiwa ndani. Vipambo navyo, kama kuna mdogo wake anayetambaa, ving'oe. Vina ukubwa uleule wa kitu cha kumezwa.

*Shangazi, naenda mnadani Jumamosi. Nitajuaje kroksi ya mtumba iliyo nzima? Zote zinang'aa. — Bodaboda, Morogoro*

Zinang'aa kwa sababu kuna mtu kama mimi kazifua. Hapa sasa umenigusa kwenye kazi yangu.

Usianze na rangi. Chukua pea, uvigonganishe soli kwa soli, visigino vikiwa sawasawa. Tazama vidole. Kama kimoja kinampita mwenzake hata kwa upana wa ukucha, pea hiyo ilionja joto mahali fulani, kwenye gari, kwenye kontena, kwenye bati la nyumba. Joto halivigusi viwili sawa, kimoja siku zote kinakuwa juu ya mwenzake. Namba iliyochorwa chini inasema 42 na 42, miguu yako itasema vingine. Niliwahi kuwa na mteja aliyekuwa akilalamika kila wiki kwamba mguu wake wa kushoto umevimba, ameshapima mpaka sukari. Mguu ulikuwa mzima. Kiatu ndicho kilichokuwa kimepungua.

Pili, bonyeza kisigino ndani kwa kidole gumba, nguvu zako zote, uachie. Povu zima linarudi palepale kama ulimi wa mtoto. Lililochoka linabaki na shimo, likirudi kwa uvivu, na hilo litakuumiza magoti ukikaa kwenye pikipiki kutwa na kushuka kushuka. Tatu, pinda mkanda. Ukiona vistari vyeupe vinatokea kwenye mkunjo, mwezi haupiti utakatika. Nne, kinuse. Usione haya, muuzaji amezoea. Harufu ya sabuni nzuri. Harufu kali ya Jiki, jiulize alikuwa anaficha nini.

Soli umeshaijua kwa Mama Changu. Na kwako wewe wa bodaboda nitasema kama mama: ukiwa unaendesha, vaa kiatu kinachofunga mguu. Kroksi haijawahi kushinda lami.

*Shangazi, zikishakufa nitupe wapi? Nyumbani wanachoma na takataka. — Binti wa Lamu*

Zisichomwe mwanangu. Moshi wake ni mweusi, unakaba, na kinachodondoka kinanata kama lami. Karume ilipoungua Januari 2022 nilikwenda kesho yake kuangalia, na pale palipokuwa na vibanda vya viatu vya povu palikuwa na bonge moja jeusi, huwezi kujua la nani ni lipi.

Nawe umeniuliza ukiwa Lamu! Jahazi la Flipflopi lilijengwa kwenu, na fundi wenu Ali Skanda, kwa plastiki za kuokota, likavishwa rangi zote kwa kandambili kama 30,000 zilizokusanywa fukweni. Lilizinduliwa 2018, mwaka uliofuata likateremka hadi Unguja, na 2021 likazunguka Ziwa Victoria. Waulize waliolijenga wanapokea nini siku hizi, mimi niko mbali.

Nyumbani, povu kuukuu lina kazi nyingi. Kata soli vipande ubandike chini ya miguu ya stuli, sakafu haitachubuka. Weka moja chini ya goti ukipalilia. Pea yangu ya kwanza ilikuwa ya kijani, ilitoka kwenye robota ikiwa imekosa mkanda hivyo hakuna aliyeitaka. Moja iko chini ya pembe ya jokofu, imelinyamazisha. Nyingine nimeitia udongo nikapanda mnanaa kibarazani, maji yakizidi yanatokea kwenye matundu ya pembeni. Hiyo imekaa juani mwaka wa tatu sasa. Imesinyaa namba mbili, imekuwa nyeupe kama majivu, na mnanaa hauna habari.